Nyumba Isiyo na Moshi

Janeffer wa Boito alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi. Anayesema hivyo hakumjua. Ulikuwa mdomo wa kutunga. Mpe jina la mtu na kasoro moja tu, na kabla hujatua kikapu chini ameshatoa wimbo, wimbo wenyewe una kiitikio, na ukikiitikia mara mbili umekwisha kazi, utalala nacho na kuamka nacho. Pale kituo cha majani, ambapo wakulima wadogo wa chai hupeleka majani yao yapimwe na kungoja lori la kiwanda, wanawake walimpenda kwa hilo. Mvua inyeshe, lori lichelewe, karani wa mizani arudishe majani ya mtu akisema yamekomaa mno, Janeffer alikuwa na la kuimba. Watu walicheka wakasahau miguu iliyolowa.

Nasi tusijifanye watakatifu. Kicheko ni kitamu, na anayekileta hupewa nafasi karibu na moto. Ila hebu niambie, ni lini ulicheka hivyo na asiwepo wa kuchekwa?

Janeffer hakuzaliwa Boito. Alizaliwa upande wa Londiani, kwenye viazi na baridi, kwa baba mwenye mabinti wengi na shamba dogo. Wazee walipokuja kumposa walikuja na ng'ombe wazuri na heshima zote, na mwenye kuoa aliyekuja nyuma yao alikuwa mwanamke. Jina lake Bilhah. Kwa Wakipsigis hilo si jambo geni. Mama ambaye hakupata mtoto wa kiume, na umri wa kuzaa umeshampita, anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wataitwa kwa jina la mume wake na kurithi shamba lake. Mume wa Bilhah, mzee Kipsang, alikufa akaacha chai nzuri inayotazama mto, na hakuacha mtoto hata mmoja. Kwa hiyo Bilhah alioa. Akawa ndiye mwenye nyumba, na mambo yote ya nyumba yakawa yanaulizwa kwake, kama yanavyoulizwa kwa mwanamume.

Janeffer akazaa Chelimo, halafu Kipruto. Baba yao ni nani? Ni Kipsang, aliyekuwa kaburini kabla hawajaingia tumboni, na mtu mwenye adabu haulizi mara ya pili. Kanisani waliketi benchi la nyuma. Mchungaji hakuwahi kusema neno baya, ila pia hakuwahi kumwomba Bilhah afungue ibada kwa maombi, na miaka ilikwenda hivyo. Janeffer aliona. Aliona jinsi watu walivyonyamaza wakati wa kuhesabu koo za watu, na jinsi kunyamaza huko kulivyo karibu sana na kucheka. Hapo ndipo mdomo wake ulipoanzia, mkitaka kujua. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa njaa, na akagundua kwamba anayechekesha, watu hawapati muda wa kumtazama vizuri.

Bilhah alimpenda, nalo lisemwe. Watoto walimwita kogo, yaani nyanya, na hata Janeffer alimwita hivyo. Masikio ya mama huyo yalikuwa yameanza kuwa mazito, basi kila jioni, sufuria ikiwa motoni, Janeffer aliinama karibu na sikio lake na kumrudishia nyimbo za kituoni za siku hiyo. Bilhah alicheka mpaka akashika mbavu. Asipoimbiwa alidai. "Leo wameimba nini?" alikuwa akiuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yake.

Mwiba wa nyumba hiyo alikuwa Bethwel, mdogo wake marehemu Kipsang. Bethwel alikuwa anaitolea macho ile chai ya mtoni tangu ndugu yake azikwe. Hakusema wazi kwamba anaitaka. Alisema tu, kwenye pombe na kwenye matanga, kwamba zamani zimepita, kwamba siku hizi watu wameokoka, na kwamba nyumba isiyo na mwanamume si nyumba. Janeffer alikuwa akimsikia na kuogopa, maana Kipruto alikuwa bado mdogo na hati ya shamba bado ilikuwa na jina la maiti.

Sasa ukaja mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi na mwaka wa mvua ya Elnino. Mvua ilianza kama kawaida halafu ikakataa kukatika. Barabara ya kutoka Kimulot ikawa uji. Lori la majani lilikuwa likikwama huko chini, na wanawake walikaa kituoni kutoka mchana mpaka giza, majani yakichemka ndani ya magunia. Na katikati ya matope hayo, wanaume wawili wakautaka udiwani. Mmoja alikuwa Aron, mwenye pikapu na spika, mtu wa kucheka na kila mtu. Wa pili alikuwa Joab, mzee wa kanisa, mpole, mkulima mzuri kuliko wote pale, ambaye hakuwa na spika wala maneno mengi. Watu walimheshimu Joab. Aron alijua kwamba mtu anayeheshimiwa humshindi kwa hoja. Unamshinda kwa kumfanya achekwe.

Na Joab alikuwa na kitu cha kuchekwa, kama sote. Yeye na mkewe Cherotich hawakujaliwa mtoto. Ukoo ulimsumbua miaka mingi aoe mwingine, akakataa, akisema aliapa mbele ya Mungu na Mungu hajamfungua. Cherotich alikuwa mama mtu mzima, mkono mwepesi kwenye majani, mtu wa kusalimia kwa sauti ya chini. Alipeleka majani yake kituo kile kile cha akina Janeffer.

Aron alikuja kwa Janeffer, Bethwel akiwa amekaa mbele ndani ya pikapu, maana Bethwel ndiye aliyekuwa mpiga debe wake. Alimwita kando, akamsifu mpaka akatota. Alisema hakuna mdomo kama wake kutoka pale mpaka Kericho. Halafu akashusha sauti. "Mama Chelimo, wewe niimbie tu. Huyu Bethwel nitamshika mimi mwenyewe. Hiyo chai yenu hataguza."

Hakumwambia amwimbie Joab jambo gani. Hakuwa na haja. Na Janeffer, jamani, hakufikiri sana. Kwanza alifurahi. Halafu alifurahi zaidi kwa ajili ya Kipruto. Siku hiyo hiyo, lori likiwa limekwama, mvua ikipiga mabati ya kituo, aligonga kikapu chake kwa kiganja na wimbo ukatoka mzima, kama ulikuwa umekaa ukimngoja:

*Nyumba ya Joab – haina moshi!*
*Jikoni amelala paka – haina moshi!*
*Ataiwashia kata moto gani? – haina moshi!*

Waliitikia wote. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wengine alikuwa Esnah, mwanamke wa Kisii aliyekuwa na kibanda cha mandazi pale na ambaye tangu zamani ndiye aliyekuwa mwitikiaji wake. Esnah alikuwa na sababu zake. Katika miaka ile, ukiwa mgeni mahali, ulikuwa unaimba kwa nguvu kuliko wenyeji ili asitokee mtu wa kukuuliza umetoka wapi. Walicheka, wakapiga makofi, wakauomba tena.

Cherotich alikuwa pale. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani na gunia lake, na foleni haikusogea kwa sababu lori halikuwepo, na hakukuwa na mahali pa kwenda ila mvuani. Akasimama. Janeffer alimwona, na akajiambia kwamba wimbo unamhusu Joab, siasa ni siasa, hakumtaja mwanamke. Uongo huo. Moto wa nyumba huwashwa na nani? Alijua vizuri sana kwamba kila "haina moshi" ilikuwa inampata Cherotich tumboni, na alijua hivyo huku akianza ubeti mwingine.

Jioni ile Bilhah aliuliza wameimba nini. Janeffer akasema hakuna, mvua ilikuwa nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza kumnyima.

Baada ya hapo wimbo haukuwa wake tena. Aron alimpandisha kwenye pikapu akamshikisha kipaza sauti, wakauzungusha mpaka Kimulot. Watoto wakauimba wakiruka kamba. Wanaume wasiojua kuimba walikuwa wakimwona Joab njiani na kuangalia juu ya nyumba yake, kama wanaotafuta moshi, basi, hata bila neno, na wenzao wakaanguka kwa kicheko. Hakuna aliyekuwa akiuliza tena habari ya barabara. Joab alijaribu kuzungumza juu ya daraja lililochukuliwa na maji, mtu mmoja akapiga chafya ya uongo akasema moshi umemwingia, na mkutano ukaisha hapo. Janeffer alikuwa akishuka kwenye pikapu na watu wakimshika mkono. Nani angeukataa mkono? Lakini alianza kulala vibaya.

Shule zilipofungwa Chelimo akarudi nyumbani kutoka bweni. Alikuwa amemaliza kidato cha tatu, msichana mrefu, mkimya, kichwa chepesi cha hesabu, na Janeffer alikuwa amechuma majani akiwa mgonjwa, akiwa na mimba, akiwa na homa, ili yule mtoto asome. Hakuwa na mpango mwingine maishani. Kipruto angekuwa na shamba. Chelimo angekuwa na kalamu, na pale ambapo kalamu ingempeleka, hakuna mtu angeuliza baba yake ni nani.

Asubuhi moja mvua ilipopumzika, wazee walionekana wakipanda njia ya mtoni na fimbo zao. Walikuwa wazee wa ukoo wa Joab. Nyuma yao alikuja Cherotich, amevaa nguo ya kanisani. Joab mwenyewe hakuwepo. Bilhah aliwakaribisha, kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, kikaletwa, na kwa kuwa neno la ukoo huhitaji mtu wa ukoo, Bethwel akaitwa, akaja upesi akakaa karibu na mlango. Janeffer alifikiri wamekuja kulalamika juu ya wimbo. Alikuwa ameshatayarisha majibu.

Hawakulalamika. Mkubwa wao alisema kwa utaratibu kwamba sasa aibu ya nyumba ya mtoto wao imefika sokoni, na kwa kuwa imefika sokoni ukoo hauwezi kuendelea kunyamaza. Joab hataki kuoa, wamemwacha na Biblia yake. Lakini mkewe anaweza kuoa, kama walivyooa mama wengine kabla yake, na nyumba ikapata moshi. Wamekuja kuanza koito, mazungumzo ya mahari. Wamemwona msichana wa nyumba hii. Wanamwomba Chelimo.

Chelimo alikuwa amesimama na kibuyu mkononi, na hakukiweka chini.

Halafu Cherotich akazungumza, akimgeukia Bilhah, akipaza sauti kwa sababu ya yale masikio. "Kogo, nimekuja hapa kwa sababu hii nyumba inajua. Wewe ulikuwa bila moshi, ukaoa, sasa moshi iko. Mama ya huyu msichana hawezi kuniambia hii kitu ni mbaya." Wala hakumtazama Janeffer.

Basi angalia mtego huo ulivyosukwa. Janeffer alitaka kusema hapana. Hapana kwa sababu gani? Akisema mtoto anasoma, wazee watasema atasoma baadaye, na kwa vyovyote msichana huolewa. Akisema hataki binti yake aolewe na mwanamke, amesema nini juu ya Bilhah aliyeketi pale? Amesema nini juu yake mwenyewe? Na Bethwel yuko mlangoni, kichwa ameinamisha, masikio yamesimama, akingoja neno hilo hilo litoke kwa kinywa cha mke wa nyumba: kwamba ndoa hii ni aibu. Angelibeba neno hilo kwa chifu kabla mursik haijaisha, na Kipruto angekuwa mtoto wa bure. Mdomo uliponza kichwa. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alikaa pale akitazama miguu ya wazee.

Bilhah, kwa utu wake, aliuliza ni aibu gani hiyo iliyofika sokoni. Ilibidi Cherotich ainame amwimbie sikioni. Aliimba vibaya, bila mdundo, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuimba, na aliimba mpaka mwisho. Bilhah akamtazama Janeffer. Halafu akawaambia wazee kwamba neno la koito halijibiwi siku ya kwanza, wanalijua hilo, warudi baada ya mlolongo, yaani ule uteuzi wa chama. Wakaondoka.

Walipobaki wenyewe Bilhah alichochea kuni, akasema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Hiyo wimbo naijua. Niliimbiwa mimi, hata wewe hujazaliwa. Maneno ilikuwa ingine lakini ni hiyo." Janeffer akalia. Bilhah hakumnyamazisha.

Usiku Chelimo alimwuliza mamake jambo moja tu. Hakuwa akilaumu, alikuwa anataka kujua, kama mtoto wa shule anavyotaka kujua. "Mama, kama wewe uliolewa hivyo na si aibu, mbona nikiolewa mimi unalia? Na kama ni aibu, mbona ulikubali?" Janeffer alitaka kumwambia kwamba si aibu, ila watu wanaweza kuifanya aibu wakati wowote wakitaka, wanahitaji tu mtu wa kuitungia maneno. Ila mtu wa kutunga maneno alikuwa ni nani? Akamwambia alale.

Asubuhi alikwenda kumtafuta Cherotich. Alimkuta katikati ya chai yake, kiunoni amefunga nailoni, mikono inachuma bila kutazama. Alisimama mstari wa pili, na kwa sababu mikono ya mchumaji haiwezi kuona majani ikatulia, naye akaanza kuchuma na kutia kwenye kikapu cha mwenzake. Alimwomba msamaha. Alisema hakukusudia yeye, alikusudia Joab. Cherotich akauliza Joab alikuwa amemkosea nini.

Wakachuma. Mwishowe Janeffer akamwomba amwachie Chelimo. Akamwambia yuko tayari kuimba wimbo mwingine, wa kumsifu, ataimba kituoni na kwenye pikapu, popote. Hapo Cherotich akaacha kuchuma.

"Mimi sitaki wimbo yako," akasema. "Wewe umeimba ukiwa juu ya gari. Hujawahi kuisikia ukiwa hapa chini. Siku ya mlolongo utasimama nyuma yangu. Usiimbe, usijibu mtu, usifungue mdomo. Usikie tu, mpaka tuhesabiwe. Ukiweza hivyo, nitaambia wazee nimekataa."

Hilo lilikuwa jambo dogo, ungedhani. Lakini siku hizo uteuzi wa chama ulifanywa kwa mlolongo: mgombea anasimama uwanjani, na anayemtaka anapanga nyuma yake mchana kweupe, kila jicho likiona. Hakuna siri. Kusimama kwa Joab kulikuwa kumpa Aron kisogo mbele ya kata nzima, na kumfungulia Bethwel zizi. Janeffer alirudi nyumbani akilijua hilo. Chai ya Kipruto upande huu, shule ya Chelimo upande ule, na katikati yeye. Ndio kisa cha mtu kukodisha mdomo wake. Siku ya kuutaka mwenyewe anakuta una wenyewe wengi.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa maji matupu, watu wamekunja suruali mpaka magotini. Mstari wa Aron ulikuwa umeshajipinda kuzunguka goli. Mstari wa Joab ulikuwa mfupi: Joab mwenyewe na Biblia kwapani, Cherotich nyuma yake, na nyuma ya Cherotich nafasi tupu, kisha wazee wa kanisa wachache. Ile nafasi waliiacha kwa makusudi. Janeffer alivuka uwanja kutoka upande wa pikapu mpaka pale, na kelele zote zikafa alipokuwa akivuka. Alimwona Bethwel akitabasamu. Aron hakutabasamu, aligeuka akamnong'oneza mtu, na yule mtu akaenda akamshika Esnah mkono, akamtoa mbele, akampa kipaza sauti.

Kabla Esnah hajaanza, Janeffer alisikia fimbo ikichapa maji nyuma yake. Alikuwa ni Bilhah. Alikuwa amekuja peke yake, polepole, kutoka mtoni hadi uwanjani, na bila kumwuliza mtu akajipenyeza akasimama nyuma ya mke wa nyumba yake. Janeffer akawa yuko kati ya mgongo wa Cherotich na pumzi ya Bilhah, na hakuwa na njia ya mbele wala ya nyuma.

Wimbo ukaanza. Mkuki kwa nguruwe, mnajua wenyewe. Aliposikia *nyumba ya Joab* uwanja mzima ukajibu *haina moshi*, na jibu hilo lilimpiga kifuani kama mtu amemsukuma. Kumbe chini huku linakuja hivi. Kumbe ukiwa juu ya gari huoni nyuso, na ukiwa chini unaziona zote, za watu uliowazalisha, uliowapikia kwenye matanga, uliolia nao. Aliona kisogo cha Cherotich hakitikisiki. Alishangaa mwanamke huyu amewezaje kusimama hivi wiki hizi zote, na aibu ikampanda mpaka machozi.

Ila mguu wake, ala, mguu wake ulikuwa unapiga mdundo ndani ya matope. Aliukanyaga kwa ule mwingine.

Esnah alikuwa ameanza kwa woga. Wimbo ukamshika, akauachilia, na akafika mahali ambapo beti zilizotungwa zimekwisha. Mtunzi hujulikana hapo. Esnah alivuta pumzi kama Janeffer alivyomfundisha, akaruka mdundo mmoja kama Janeffer alivyomfundisha, akatunga:

*Jirani naye alipoona giza – haina moshi!*
*Akaoa bibi alete kiberiti – haina moshi!*
*Bwana harusi amevaa rinda,*
*hiyo nyumba moshi ni ya kuazima!*

Na Janeffer akacheka.

Kilimtoka chenyewe, kicheko kifupi cha fundi aliyeona kazi nzuri, kwa lile rinda, kwa jinsi lilivyokuja pale ambapo hakuna aliyelitarajia. Kilikuwa kimeshatoka na kusikika ndipo maneno yakamwingia. Bwana harusi wa rinda alikuwa Bilhah. Kiberiti kilikuwa ni yeye. Moshi wa kuazima ni Chelimo na Kipruto. Uwanja ulikuwa unaviringika kwa kicheko, na cha kwake kilikuwa kimetangulia vyote.

Cherotich hakugeuka. Alisema kwa ile sauti yake ya chini, akitazama mbele, "Ni tamu, siyo?"

Sharti lilikuwa asifungue mdomo, na mdomo ulikuwa umefunguka. Angeweza kusema alikuwa anakohoa. Alimfikiria Chelimo, amekaa nyumbani na vitabu vyake juu ya magoti, akingoja kuambiwa yeye ni mwanafunzi au ni mke, na alijua uongo upi ungemfaa. Lakini alikuwa amechoka na ujanja wa mdomo wake.

"Ni tamu," akasema.

Karani wa uchaguzi alipita akihesabu kwa kugusa mabega: Joab, Cherotich, Janeffer, Bilhah. Mstari ule haukumchukua muda. Alipokuwa ameshapita, Cherotich akasema, bado bila kugeuka, "Haya. Chelimo asome."

Ungetarajia Janeffer aruke kwa furaha. Furaha ilikuwepo, ilimjaa. Ila wimbo ulikuwa bado unaendelea, na sasa walikuwa wameupenda ule ubeti mpya, wanaurudia, na aliwaona watoto kwenye ukuta wa shule wakijifunza maneno. Ungefika nyumbani kabla yao. Ungemngoja Kipruto kwenye kila njia. Kesho angeusikia kituoni, na hakuwa na wa kumwambia anyamaze, kwa sababu angemwuliza nani aliuanza.

Ndipo alipohisi kidole kikimgusa mgongoni. Bilhah alikuwa ameinama mbele, ametega lile sikio lake zuri, uso umefunguka kidogo, kama jioni wakati sufuria iko motoni.

"Umecheka," akasema. "Wameimba nini?"

Janeffer akageuka akamtazama. Akafungua kinywa, na hakikuwa na neno hata moja.